Ajali Ina Kinga

Ukiacha Barabara ya Nyerere ukaingia Keko, masikio hufika kabla ya macho. Mlio wa msumeno unaozama kwenye mninga hauna mwenzake: huanza mwembamba, hushuka, hulia kwa uchungu ubao unapofika penye fundo, kisha hupumua. Baada ya mlio ndipo unayaona makochi yaliyopangwa kando ya njia yakisubiri kitambaa, vitanda vya sita kwa sita vilivyosimamishwa wima, makabati yanayonuka vanishi, na vijana waliojaa vumbi la mbao hadi kwenye kope kama waliotoka kusaga unga. Nyumba nyingi za jiji hili zimelala juu ya kazi ya mikono hiyo.

Sasa itazame mikono yenyewe. Kaa kwenye benchi la karakana, kama nilivyokaa mimi nikisubiri kitanda kilichoahidiwa "kesho" kwa wiki tatu, uhesabu vidole. Utakuta mkono wenye vinne. Utakuta kidole cha shahada kilichoishia kwenye kiungo cha pili, na gumba lililobaki kigutu. Uliza imekuwaje. Jibu limeshapigwa randa, halina mkwaruzo hata mmoja: "Ajali haina kinga, kaka."

Na nyuma ya mgongo wa anayejibu, ukutani, kwenye msumari, imening'inia kinga.

Ni kile kifuniko cha chuma kilichokuja na mashine, kilichotengenezwa kukaa juu ya diski la msumeno ili mkono usilifikie. Kimefunguliwa zamani. Sasa kinatundikiwa shati. Makala hii ni ugomvi wangu na msemo ule na shati lile.

Nianze kwa kuutendea haki msemo. Haukuzaliwa karakana. Ni neno la kufariji. Basi limepinduka, nyumba imeungua, mtu kateleza kisimani. Jirani anakuja, anakaa mkekani, hana la kusema, anasema hilo. Maana yake ni usijilaumu, usitafute mchawi, yaliyopita yamepita. Hapo ni neno jema na nisingethubutu kuligusa. Ubaya unaanza neno la kando ya kitanda cha mgonjwa linapohamishiwa kando ya mashine. Lililokusudiwa kutuliza baada ya msiba linageuka kuwa ruhusa kabla ya msiba. Hakuna tena anayeulizwa kwa nini kifuniko kimefunguliwa, maana jibu lilitolewa na wahenga.

Ajabu ni kwamba wanaousema hawauamini. Wasikilize dakika tano baadaye, aliyekatwa akiwa hayupo. "Yule alizembea. Alikuwa anaongea na simu." Kama ajali haina kinga, basi kazembea nini? Na kama kazembea, basi kulikuwa na la kufanya ili isitokee, na hilo la kufanya ndilo kinga. Watu wazima wanashika maneno mawili yanayopingana, moja kwa mkono wa kulia na jingine kwa wa kushoto, kwa sababu yote mawili yanafika mahali pamoja: mashine haina kosa, mwenye mashine hana kosa, na msumeno uendelee kuzunguka.

Tuupigie hesabu huo uzembe. Mota ya kawaida ya karakana, kwa umeme wetu, huzunguka kama mara 2,850 kwa dakika. Ukiifunga diski la inchi 12 lenye meno 40 bila puli ya kubadili mwendo, kila jino linakwenda zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ya treni yetu ya SGR inapokwenda Morogoro. Meno 1,900 hupita mbele ya kidole kila sekunde. Mwili wa binadamu, hata uwe macho vipi, unahitaji kama sehemu moja ya tano ya sekunde tangu ngozi iguswe hadi mkono uanze kurudi. Katika muda huo meno 380 yamekwishapita. Mtu anayesema "ningekuwa makini ningevuta mkono" anajipa sifa ambayo Mungu hakumpa mwanadamu yeyote. Hakuna anayeweka mkono kwenye reli treni ikija kwa kujivunia wepesi wake, lakini karakana nzima inafanya kazi kwa imani hiyo hiyo.

Tena mara nyingi si mkono unaolifuata diski, ni ubao unaoupeleka. Hapa ndipo wasiosimama mbele ya mashine hawaelewi. Tunasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, tukidhani ni mfano tu. Kwenye msumeno wa meza ni maelezo ya ufundi. Meno ya mbele, upande wa fundi, yanashuka na kuukandamiza ubao mezani; hayo ni rafiki. Meno ya nyuma yanapanda. Mbao haikukauka vizuri, au ilikua kwa kujikunja, na mara tu inapopasuliwa ule ufa wa katikati unajifunga kama mdomo na kulibana diski kwa nyuma. Meno yanayopanda yanaudaka ubao, yanauinua na kuurusha kumwelekea aliyeusukuma, kwa mwendo unaokaribia wa meno yenyewe. Ubao unampiga tumboni. Na mkono uliokuwa ukiusukuma, ghafla hauna kitu cha kusukuma. Unaendelea mbele kwa nguvu zake wenyewe, moja kwa moja kwenye meno.

Uzembe uko wapi hapo? Fundi alikuwa akiangalia kazi yake, hakulewa, hakushika simu. Kilichokosekana ni bapa la chuma linalosimama nyuma ya diski, jembamba kidogo kuliko njia ya msumeno, ambalo kazi yake pekee ni kuuzuia ule mdomo usijifunge. Halina umeme wala nati ya kulainisha. Mchomeleaji yeyote wa Keko analikata kwa muda wa kunywa chai. Lakini halipo, na badala yake tuna mawaidha: kuwa makini. Umakini ni kitu chema ila unachoka saa nane mchana, unachoka mwezi wa Ramadhani magharibi ikikaribia, unachoka mtoto akiwa na homa nyumbani. Chuma hakichoki.

Hapo watetezi wa msemo wanahamia ngome ya pili: uzoefu. Fundi wa kweli hakatwi, wanasema, wanaokatwa ni wanaojifunza. Kama ndivyo, vile vidole nilivyohesabu vingekuwa vya vijana, lakini vingi vilikuwa vya wazee wa kazi. Sababu si siri. Chukua fundi anayepitisha mbao 200 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Kwa mwaka mikono yake imepita kando ya diski zaidi ya mara 60,000. Tumpe umakini wa malaika: akosee mara moja tu katika mbao laki moja. Kwa wastani kosa hilo litamfikia kabla ya mwaka wa pili kwisha, na kazi yenyewe ni ya miaka 30. Uzoefu unapunguza makosa, sawa. Papo hapo unaongeza siku za kukutana nayo, na unaondoa kitu kimoja ambacho mwanafunzi anacho: woga. Mwanafunzi anasimama mbali na diski kwa sababu linamtisha. Mzoefu anafagia vipande vya mbao kwa vidole, sentimita mbili kutoka kwenye meno, huku akimjibu mteja bei ya dressing table.

Wala tusidhani ni jambo la Keko au la watu wasiosoma. Marekani, taasisi ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa hukadiria kwamba misumeno ya meza hupeleka watu zaidi ya 30,000 kwenye vyumba vya dharura kila mwaka, na kama 4,000 kati ya majeruhi hukatika kiungo. Wengi wao hukatia mbao kwenye gereji za nyumbani kwao. Diski halikagui cheti.

Niruhusiwe kutoka Keko kidogo niende kwenye mchezo wa wenye fedha, kwa sababu huko kuna somo. Kuna watu wazima duniani ambao burudani yao ni kurusha helikopta ndogo za kuongozwa kwa rimoti. Usifikirie kile kidude cha plastiki cha Kariakoo ambacho mtoto hukigongesha ukutani na kukirusha tena. Zile kubwa zina mapanga mawili ya nyuzi za kaboni, kila moja na urefu wa sentimita 70, ambayo yakizunguka huchora duara la mita moja na nusu. Zinazunguka kama mara 2,000 kwa dakika, na ncha ya panga inapita kilomita 500 kwa saa. Panga lenyewe lina gramu 200 tu, uzito wa embe dogo. Likizunguka linaivuta boliti inayolishika kwa nguvu ya zaidi ya kilo 300. Boliti hiyo ikilegea, au panga likiwa na ufa usioonekana, embe hilo linakuwa risasi. Pangaboi la sebuleni kwako ni mpole mbele yake.

Septemba 2013, katika bustani ya Calvert Vaux, Brooklyn, jijini New York, kijana wa miaka 19 alikuwa akirusha helikopta ya aina hiyo. Hakuwa mgeni wa mchezo. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa klabu yake, na wenzake walimjua kwa michezo ya hewani ambayo wengine hawakuthubutu. Helikopta yake mwenyewe ilimrudia, panga likampiga kichwani, akafa pale pale. Kama uzoefu ungekuwa kinga, yeye ndiye angekuwa wa mwisho.

Ninachotaka Keko ikione si kifo hicho tu, ni namna watu wa mchezo huo wanavyoishi na panga. Kwenye rimoti kuna swichi moja ambayo kazi yake ni kuikata nguvu mota isiweze kuzungusha mapanga hata ukigusa mtambo mwingine kwa bahati mbaya. Hakuna anayeisogelea helikopta kabla ya kuibonyeza. Watazamaji wanakaa nyuma ya mstari. Kabla ya kuruka, kila panga linapitiwa kwa kidole na jicho kutafuta ufa, na likigonga chini hata mara moja linatupwa, haligundiwi. Chama cha warushaji wa ndege za mfano cha Marekani kimekataza mapanga ya chuma kabisa, kwa sababu chuma kikikatika hakina huruma. Hata kidroni cha kupigia picha harusini kinaweza kuvalishwa pete ya plastiki kuzunguka mapanga yake, ili bibi harusi asije akachanjwa shavu.

Hawa wanacheza. Hawapati hata senti moja, wanatumia zao. Lakini hawakuridhika kusema ajali haina kinga; waliikalia chini wakaiuliza inaingia kwa mlango gani, wakauziba. Je, anayetafutia watoto ugali kwa diski anastahili tahadhari ndogo kuliko anayejiburudisha kwa panga?

Nimefika kwenye hoja ambayo ndiyo nzito, na siikimbii: kinga inachelewesha kazi. Anayeisema si mjinga, na nusu ya anayosema ni kweli. Vifuniko vingi vilivyokuja na mashine ni vibovu. Vimetengenezwa kwa bati jepesi linalotetemeka, vinaziba mstari wa penseli ambao fundi lazima auone, vinajaa vumbi, na ukitaka kuchonga mfereji au ulimi wa kuunganishia mbao, ambapo diski halitokezi juu ya ubao, huna budi kuvifungua. Fundi anayelipwa kwa idadi ya mbao alizopitisha, huku wenzake wamepanga foleni na magogo begani, akifungua mara tatu kwa siku, mara ya nne hafungi tena. Kumwita mtu huyo mkaidi ni kumwonea.

Lakini tazama hoja imetufikisha wapi: kifuniko kibaya kinachelewesha kazi, kwa hiyo tusiwe na kifuniko. Kochi likiwa na mguu mfupi, fundi wa Keko hasemi makochi hayana miguu. Anaurefusha mguu. Watu hawa wanachonga simba kwenye kichwa cha kitanda wakikumbuka picha waliyoiona mara moja kwenye simu. Wanatazama kabati la Italia kwenye kioo cha duka la Masaki na wiki inayofuata lipo Keko, tena la mkongo, si la vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Halafu waniambie wameshindwa kutengeneza kifuniko chenye dirisha la plastiki ngumu inayoonyesha mstari wa penseli, kinachoinuka chenyewe ubao ukipita na kushuka ukimaliza? Kinachokosekana si akili wala mkono. Hakuna mteja aliyewahi kukiagiza.

Na si vifuniko tu. Kijiti cha kusukumia, chenye mdomo uliochongwa kama V ili ushike kona ya ubao, ni kipande cha taka ambacho karakana hukichoma kila jioni. Kikikatwa na meno unachonga kingine. Kibebeo cha mbao kinachoshikilia ubao mfupi, ili vidole visikaribie, nacho ni kazi ya nusu saa. Vitu hivi havipunguzi mwendo. Anayevitumia anasukuma kwa nguvu na bila kusita, kwa sababu hana anachokiogopa. Anayesukuma kwa vidole vitupu ndiye anayepunguza mwendo kila ubao unapofika mwisho, na ubao uliopunguziwa mwendo ndio unaounguzwa na diski.

Ukitaka kuhesabu kuchelewa, hesabu kote. Kidole kikikatika, mashine inasimama siku nzima kwa damu na kwa watu kukusanyika. Bajaji ya kwenda Hospitali ya Temeke inalipwa, na mara nyingi safari haiishii hapo, inaendelea hadi Muhimbili, kwenye taasisi ya mifupa. Mtu wa pili anaacha kazi amsindikize. Harusi iliyokuwa inasubiri kitanda haikipati. Aliyeumia anakaa nyumbani miezi, akirudi hawezi tena kushika patasi kama zamani, na kipande cha mninga kinachohitaji mkono wake mzuri kinakwenda kwa mwingine. Dakika mbili za kufunga kifuniko ziwekwe upande wa pili wa mizani. Anayesema kinga inachelewesha kazi anapima kwa saa ya leo tu, na mara nyingi si yeye mwenye kidole.

Kuna hatari moja ambayo ni yetu hasa, na inaumbua neno "uzembe" kuliko nyingine zote. Umeme unakatika. Karakana inatulia ghafla, kila mtu anasema lake juu ya TANESCO, na fundi aliyekuwa anapasua anatumia nafasi hiyo kusafisha meza, kubadili diski, au kutoa kipande kilichokwama. Swichi ya mashine, ile ya kawaida ya kuinua na kushusha, bado iko juu. Nani anakumbuka kuzima kitu kilichojizima? Umeme unarudi. Msumeno unaamka wenyewe, mkono ukiwa ndani. Dawa yake inajulikana miaka mingi: swichi inayojiangusha umeme unapopotea na kukataa kuwaka mpaka mtu aibonyeze kwa makusudi. Bei yake ni ndogo kuliko ya kitambaa cha kochi. Katika mji ambao umeme hukatika bila kuaga, kuuza mashine isiyo na swichi hiyo ni kuuza mtego.

Kuzima nako si kusimama. Diski linaendelea kuzunguka baada ya mota kunyamaza, na mlio unapokuwa mdogo ndipo linapodanganya zaidi. Uingereza, mwongozo wa usalama wa mashine za mbao unataka diski liwe limesimama ndani ya sekunde 10. Kwetu, fundi hulisimamisha kwa kulikandamizia kipande cha ubao ubavuni, na watoto wa kazi wanaotazama wanajifunza kwamba huo ndio ufundi.

Najua litakalosemwa: hizo ni habari za Ulaya, sisi ni watu wa hali ya chini. Si za Ulaya. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, ya mkoloni, ilitaka sehemu za hatari za mashine zizungushiwe kinga hapa hapa Tanganyika. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, iliyoichukua nafasi yake, inataka hivyo hivyo, na inasimamiwa na wakala wa serikali, OSHA. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilizaa mfuko wa WCF, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia na si mfanyakazi, ili aliyeumia kazini atibiwe na kulipwa. Karatasi tunazo. Ila kijana wa deiwaka anayelipwa jioni mkononi, asiye na mkataba wala jina kwenye daftari lolote, atamwambia nani kwamba yeye ni mfanyakazi? Akikatwa, mfuko haumjui. Anachopata ni mchango wa wenzake kwenye kofia, pole, na ule msemo.

Hapa ndipo ninapoona nani hasa anafaidika na wahenga. Msemo unamgharimu nini mwenye karakana? Hakuna. Unamwondolea swichi, bapa, kifuniko, mchango wa mfuko, na maswali. Kwa maneno matatu tu amehamisha gharama yote kutoka kwenye mashine yake hadi kwenye kiganja cha mtu mwingine. Msemo wenye faida kubwa kiasi hicho hauishi kwa sababu ya hekima yake peke yake.

Wala nisiwasamehe wanaodhani kinga ni kuvaa. Tunapenda usalama unaoonekana kwenye picha: kofia, rifleta, buti, glavu. Miwani na kitambaa cha pua sina ugomvi navyo, macho na mapafu yanavihitaji. Lakini glavu mbele ya diski linalozunguka ni adui. Ngozi tupu ikiguswa na jino inachanika. Glavu ikiguswa inanaswa, na inauingiza mkono mzima. Hali kadhalika mkono mrefu wa shati, uzi wa mkufu, na mkanda wa saa. Mtu anaweza kumvalisha kijana vazi kamili, akampiga picha, akaitundika ofisini, na kijana huyo akawa katika hatari kubwa kuliko alipokuwa na fulana. Kinga ya kweli inavaliwa na mashine.

Wapo pia wanaosema kijana ajifunze kwa kuumia: mtoto akililia wembe, mpe. Wembe unakata ngozi, mtoto analia, ngozi inafunga, somo limeingia. Methali ile ilidhani kuna kesho ya kutumia somo. Msumeno unatoza ada ya masomo yote siku ya kwanza, na unaichukua kwenye kiungo ambacho mwanafunzi alikuja nacho kujifunzia. Pale Chang'ombe, mwendo mfupi kutoka Keko, kuna chuo cha VETA kinachofundisha useremala. Kijana anayejifunza chuoni namna ya kusimama kando ya mstari wa ubao, na si nyuma yake, akifika karakana anachekwa kwa uoga wake. Siku ya tatu anasimama kama wenzake.

Mwaka 1999 Mmarekani mmoja, Steve Gass, msomi wa fizikia na mwanasheria wa hataza, alijiuliza kama msumeno unaweza kuitambua nyama ya mwanadamu. Alibuni mtambo unaopitisha umeme mdogo kwenye diski. Kidole kikigusa, umeme unabadilika, na bonge la aluminiamu linasukumwa kwenye meno na kulisimamisha diski kwa kama sehemu tano za elfu za sekunde. Kwenye maonyesho alitumia soseji, ikatoka na mchubuko. Siiletei Keko msumeno wa maelfu ya dola. Ninaleta swali lake. Kwa zaidi ya miaka mia dunia ilikuwa imekubali kwamba msumeno wa duara unakata vidole kama mvua inavyolowesha, mpaka mtu mmoja akakataa kukubali.

Nasi wateja tusijitie weupe. Ni sisi tunaotaka kitanda Ijumaa kwa sababu harusi ni Jumamosi. Tunapiga bei mpaka fundi anabaki na ya nauli, kisha tunapiga simu mara sita kwa siku, na simu ile aliyokuwa akiongea nayo "alipozembea" huenda ilikuwa yetu. Tunakagua vanishi, tunasukuma kabati kuona kama linayumba, tunapitisha kiganja kwenye ubao kutafuta mkwaruzo. Viganja vyetu viko kamili.

Kitanda changu hatimaye kilikamilika. Nilipokwenda kukichukua nilimuuliza fundi kama kile kifuniko cha ukutani bado kinaingia kwenye mashine. Alikitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa naye nyumba moja miaka mingi bila kumuuliza jina. Aliliondoa shati, akapuliza vumbi, akageuza geuza. Boliti moja haikuwepo. Boliti ya namna hiyo inauzwa duka la vifaa, hatua chache kutoka pale.